Suzanne wa Kabuta na Mistari ya Import

Jumatatu, 2 Juni 2025

Siku ya maana. Mama Stéphanie ametangaza kwamba anatafuta mulinzi wa pili wa Mukoba.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watasoma. Mukoba ni maktaba ya kode: vyombo vidogo vidogo kwa watu wanaoandika programu kwa lugha ya Scala. Chombo cha kukata maneno, cha kupanga tarehe, cha kusafisha majina. Ni ya bure. Kila mutu anaweza kuitumia, na kila mutu anaweza kupendekeza badiliko. Lakini kupokea badiliko ni kazi ya mulinzi, na mulinzi ni Stéphanie wa Lubumbashi, ambaye sijawahi kumuona uso kwa uso. Sasa amepata kazi mupya. Hana tena nafasi. Anataka mutu wa kumusaidia.

Wanaofaa ni wawili. Mimi, Blanchard, fundi wa simu hapa Nchelenge, ziwani, ng'ambo ya mupaka, ndani ya konteneri ya Ba Patson karibu na minibasi za kwenda Mansa. Na Hénoc, anayefundisha kompyuta kwenye shule moja kule Chienge. Tulikulia pamoja katika kambi ya wakimbizi, kisha wazazi wetu wakatoka kila mumoja na njia yake. Hénoc ni mutu wa kunyamaza. Anatengeneza makosa ya kweli, moja baada ya lingine, na hajisifu. Mutu wa namna hiyo ni hatari.

Nimewaza tangu asubuhi. Kutengeneza makosa ni kazi ndefu. Lakini juu ya kila faili kuna mistari ya import, ile inayoita vyombo kutoka faili zingine na maktaba zingine. Katika Mukoba mistari hiyo imelala ovyo, kama viatu mulangoni pa nyumba ya kilio. Ya Java, ile lugha ndugu mukubwa wa Scala, ya Scala, ya wageni, ya kwetu, yote pamoja. Na mutandao unaonyesha kando ya kila mustari jina la mutu aliyeugusa mwisho. Nikiipanga yote, jina langu litakaa kichwani pa kila faili. Stéphanie akifungua popote, Blanchard.

Nilimueleza Ba Patson kwamba naanza kupanga mambo ya import. Aliniuliza kama nimepita kwa watu wa forodha. Alisema hataki matata na mupaka ndani ya konteneri yake.

Jumanne, 3 Juni

Nimeandika programu ndogo inayopanga mistari kwa alfabeti. Niliiandika asubuhi, nikaitumia kabla ya chakula. Faili zote zimeguswa. Ilifaa kwanza nijaribu kama kode bado inatembea, lakini umeme ulikuwa karibu kukatika, na jaribio ni refu. Nilituma.

Hénoc alijibu mbele ya Stéphanie. Kode haitembei tena. Alieleza kwa upole, na ndicho kinachoniudhi. Alisema katika Scala mustari mumoja wa import unaweza kuegemea mwingine. Wa juu unaleta sanduku, wa chini unatoa kitu ndani ya sanduku lile. Ukiupandisha ule wa chini kwa sababu ya alfabeti, unatafuta sanduku ambalo bado halijafika.

Nilijua jambo hilo. Nililisahau tu.

Stéphanie aliandika kwamba wazo ni zuri. Aliomba tu niende faili chache chache, na kwanza tukubaliane sisi wote juu ya makundi: mistari gani mbele, mistari gani nyuma. Pierrette, muke wangu, alisema maombi hayo yana akili. Nilimuambia asimamie chisense zake, zile dagaa za ziwa anazouza sokoni. Alizisimamia. Jioni nilikula bukari, ugali wetu, na majani ya muhogo, na chisense zote zilibaki ndani ya gunia.

Jumatano, 4 Juni

Mabishano ya makundi. Hénoc alipendekeza Java kwanza, kisha Scala, kisha maktaba za watu wengine, na mwisho vyombo vya Mukoba vyenyewe, na nafasi tupu kati ya kundi na kundi. Ni utaratibu muzuri. Ningeupendekeza mimi kama hangenitangulia.

Kwa hiyo niliupinga. Nilisema vya kwetu viwe mbele. Niliandika kwamba kwa desturi yetu mutu akirudi safari anasalimia kwanza watu wa nyumba. Hénoc alijibu kwamba mugeni ndiye anayepewa kiti kwanza, na kwamba mimi nafahamu, kwa sababu mama yangu ndiye aliyekuwa akimupatia yeye kiti kila akipita kwetu. Si haki kumuingiza mama yangu katika mambo ya Scala.

Stéphanie alisema wawili hawamalizi neno. Wanaotumia maktaba nao watoe maoni yao. Tulingoja. Hakuna aliyesema. Maktaba za bure ziko hivyo: wanaokula ni wengi, wanaosema asante hawaonekani.

Ndipo wazo likanijia. Kama mutu hayuko, anaweza kupatikana. Nimefungua akaunti mupya: Suzanne Kafula, wa Kabuta. Kabuta ni hapa karibu. Kuna mitumbwi, nyavu na baiskeli zinazobeba samaki kuingia bara. Nani ataenda kule kuuliza habari za Scala? Kwa foto nimeweka kambale. Na nimemufanya Suzanne kuwa mupole. Anaomba radhi kabla ya kusema, anashukuru kila mutu. Hakuna atakayefikiri ni mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Suzanne amesema. Ili asionekane ametumwa, mupango wangu ulikuwa aanze na mashaka kidogo, halafu akubaliane na Blanchard. Aliandika kwamba yeye ni mugeni, wakubwa wamuvumilie. Alimushukuru Hénoc kwa makosa yote aliyotengeneza kimya kimya, ambayo yeye Suzanne anafaidika nayo kila siku. Kisha aliuliza kama hatuwezi kuwa na makundi machache tu, mageni kwanza na ya nyumbani nyuma, na ile mistari inayoegemeana iachwe mahali pake na kuwekewa alama, ili mutu mwingine asiisumbue.

Nilipotaka kuandika ile sehemu ya kukubaliana na Blanchard, bando iliisha. Nilikimbia kibandani kununua nyingine. Niliporudi, Stéphanie alikuwa amekwisha kujibu. Wazo la Suzanne ni bora kuliko mawazo ya sisi wawili. Hénoc alikubali papo hapo. Hénoc, mutu wa maneno mawili, aliandika aya nzima. Alisema ni mara ya kwanza mutu kumushukuru kwa kazi yake kwenye Mukoba.

Niliudhika. Suzanne huyu ni nani, amefika jana? Nilimujibu kwa jina langu mwenyewe, kwa ukali kidogo. Nilisema watu wa jana wasitufundishe kazi. Stéphanie aliniandikia pembeni kwamba mwanamuke mugeni haambiwi hivyo kwenye maktaba yake, na kwamba nimuombe Suzanne radhi mbele ya wote.

Nimemuomba. Suzanne amenisamehe. Amenisamehe vizuri sana, mupaka Hénoc ameweka alama ya moyo.

Ijumaa, 6 Juni

Matata nyumbani. Pierrette alichukua simu yangu amupigie dada yake. Alikuta ujumbe wa Hénoc: “Dada Suzanne, maneno yako yamenipa nguvu wiki hii.”

Alinikuta nikinyoa ndevu.

“Papa Jessica, Suzanne ni nani?”

“Suzanne ni mimi.”

“Rudia.”

Nilirudia. Nikaeleza yote, Mukoba, mulinzi, mageni kwanza na ya nyumbani nyuma, huku sabuni ikinikaukia shavuni. Pierrette aliketi juu ya gunia la chisense na kusoma maneno yote ya Suzanne tangu mwanzo. Alicheka kidogo. Kisha hakucheka tena.

“Huyu mwanamuke anajua kuomba radhi,” alisema.

“Ni mimi ninayemuandikia.”

“Basi muambie amuandikie mama yangu.”

Mama-mukwe wangu hasemi nasi tangu Pasaka, kwa sababu ya neno dogo nililolisema juu ya kofia yake ya kanisa. Nilisema sitaki. Pierrette alisema kwa hiyo atamuandikia Hénoc, amueleze Suzanne anafanana na nani. Niliketi na kufikiri jinsi Suzanne angesema. Maneno yalikuja bila shida. Niliyatuma kwa jina langu. Kabla ya saa sita mama-mukwe alipiga simu. Alitubariki sote, na akasema daima alijua kwamba mukwe wake ana moyo muzuri, ila umefichwa mbali.

Suzanne ana kipaji. Sielewi kwa nini faida hainifikii mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Stéphanie amechagua. Mulinzi wa pili, kama mwenyewe anakubali: Suzanne Kafula.

Nilikuwa nimefungua simu ya mutu mezani. Skrubu ilianguka chini ya meza, na mwenye simu akapiga magoti kuitafuta pamoja nami. Tulipokuwa chini kule nilipata mwanga. Suzanne ni nani? Ni mimi. Basi mulinzi ni nani?

Suzanne alikubali kwa maneno ya kuliza watu. Hénoc ndiye aliyetangulia kumupongeza. Hana wivu hata kidogo, jambo ambalo linanitia mashaka.

Mchana mimi, Blanchard, nilipanga upya mistari ya import ya maktaba yote, kwa makundi yaliyokubaliwa, na safari hii nilijaribu kode. Inatembea. Niseme ukweli, inapendeza. Mutu akifungua faili ni kama anaingia katika nyumba iliyofagiwa. Suzanne aliipokea kazi yote bila swali. Kisha nikaona si vizuri mulinzi mupya akose kazi yake mwenyewe, kwa hiyo Suzanne naye alipanga faili moja niliyokuwa nimeiruka, kwa mukono wake, kama mufano, akaiingiza.

Ba Patson aliniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nilimuambia nimepandishwa cheo. Alisema basi nianze kufagia mbele ya konteneri kama wenye vyeo wengine.

Jumapili, 8 Juni

Kanisa. Nikitoka, ujumbe wa Hénoc kwa Suzanne. Kesho anashuka Nchelenge kwa mambo ya shule yake, na ataendelea mupaka Kabuta kumusalimia. Anamuletea karanga.

Suzanne alijibu kwamba anaumwa. Hénoc alijibu kwamba mugonjwa ndiye anayetembelewa. Suzanne alijibu kwamba ugonjwa wake unaambukiza. Hénoc aliuliza ni ugonjwa gani, kwa sababu dada yake mukubwa ni muuguzi. Nilimupandisha Suzanne boti, nikamuvusha ziwa mupaka Pweto kwa shangazi yake.

Hénoc hakujibu tena. Nimeokoka.

Jumatatu, 9 Juni

Sikuokoka.

Hénoc alifika konteneri asubuhi, vumbi ya njia ya Chienge ikiwa bado juu ya koti lake, na mufuko wa karanga mukononi. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Amenenepa shingoni. Alimusalimia Ba Patson kwa Kibemba, vizuri kabisa, kisha akanigeukia.

“Suzanne yuko?”

“Amevuka Pweto.”

“Blanchard.”

Alitoa simu yake na kunionyesha ile faili moja ambayo Suzanne aliipanga kwa mukono wake. Kando ya mistari ilikuwa imeandikwa Blanchard. Ni hivi: akaunti inayotuma kazi ni kitu kimoja, lakini kompyuta inatia kwenye kazi jina la mwenye kompyuta, na kompyuta ya Suzanne ni yangu. Nilijua jambo hilo pia.

Hénoc aliweka karanga mezani, polepole, kama mutu anayeweka mayai.

“Maneno yote yalikuwa yako?”

“Yote.”

“Hata yale ya kunishukuru?”

“Hata yale.”

Hénoc alisema kule Chienge hana mutu wa kuongea naye juu ya kazi hii. Walimu wenzake wanafikiri anacheza na simu. Siku Suzanne alipoandika, aliwasomea wanafunzi wake ujumbe ule darasani, ili waone kwamba kazi ya mutu inaweza kuonekana hata na mutu asiyemujua.

Ba Patson alisimama akatoka nje, na yeye si mutu wa kutoka.

“Kama unajua kusema hivi,” Hénoc aliniuliza, “kwa nini husemi hivi?”

“Suzanne hakuwa na haraka ya kuwa mukubwa,” nilisema. Lilitoka lenyewe. Mimi mwenyewe nilishangaa.

Hénoc hakucheka. Alisema nimuandikie Stéphanie leo, au ataandika yeye. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mara ya mwisho niliacha kueleza sababu, nikasema tu nilichofanya. Hénoc alisoma akiwa nyuma ya bega langu na kukubali kwa kichwa. Ba Patson aliporudi na chai aliuliza kama huyo Suzanne amefariki, maana tulikaa kama watu wa kilio.

Jumanne, 10 Juni

Jibu la Stéphanie ni fupi. Maneno mafupi ya mutu mupole yanachoma kuliko matusi. Akaunti ya Suzanne imefungwa. Mulinzi wa pili ni Hénoc. Mpangilio wangu wa import umeondolewa wote, kwa sababu ulipokelewa na mutu asiyekuwako. Utarudishwa faili chache chache, na Hénoc akiupima. Na kitawekwa chombo kinachopanga mistari hiyo chenyewe kila mutu akituma kazi, ili pasiwe tena na mabishano. Alituomba tufanye kazi hiyo pamoja, kwa kuwa Hénoc yuko hapa.

Tulikaa ndani ya konteneri kutwa. Yeye alisoma, mimi niliandika. Upepo wa baridi ulitoka ziwani, tukafunga mulango nusu. Tulipofika kwenye faili yenye mistari inayoegemeana, alinyosha kidole anionye, akaona nimekwisha kuiweka alama.

“Vizuri,” alisema.

Kwa Hénoc hilo ni hotuba.

Tulikula karanga za Suzanne. Saa ya chakula Pierrette alileta chisense zilizopikwa na nyanya, nyingi. Alisema, “Karibu, shemeki,” kisha akamuuliza kama ameonana na wifi yangu wa Kabuta. Hénoc alicheka mupaka akapaliwa. Nilimupiga mugongoni. Niandike tu ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Jumamosi, 14 Juni

Hénoc alirudi Chienge juzi. Chombo kinatembea. Mistari ya import imekaa katika makundi yake, nafasi tupu katikati, hakuna anayegombana. Hénoc ni mulinzi muzuri. Ananiuliza maoni, najibu, ananishukuru, namushukuru.

Leo asubuhi Stéphanie ametangaza kwamba maelezo yote ya Mukoba yataandikwa kwa Kiswahili, ili watoto wa shule nao waweze kuitumia. Anatakiwa mukubwa wa kazi hiyo. Hénoc amenitaja mimi. Ameandika mbele ya wote kwamba hakuna anayeeleza jambo kwa upole kama Blanchard, akitaka. Stéphanie amekubali. Imebaki mimi kusema ndiyo.

Nilifurahi kweli. Kisha nikaanza kufikiri.

Mutu akikubali upesi anaonekana alikuwa na njaa. Mukubwa wa kweli anabembelezwa. Pierrette alisema niandike ndiyo, neno moja, halafu nije kumusaidia kubeba gunia. Pierrette hajui mambo ya utawala. Niliandika kukataa, kwa heshima kubwa. Nilisema sistahili, wako wanaonizidi, niachwe na kazi zangu ndogo. Aya nne. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilituma, nikaketi kungoja kubembelezwa.

Chai haikuwa imepoa. Stéphanie alijibu kwamba ananielewa na anaheshimu unyenyekevu wangu. Kazi amepewa Valère wa Kasumbalesa, ambaye amekubali kwa neno moja. Hénoc ameandika kwamba kukataa kwangu kumemugusa sana, na kwamba watu wanabadilika kweli.

Valère huyu ni nani? Nimesoma ukurasa wake wa kwanza, tayari ameuweka. Koma zake zimekaa ovyo. Na kurasa zinazokuja zitakuwa nyingi, kila moja na koma zake. Nimekwisha kuanza programu ndogo ya kuzipanga zote kwa mara moja. Itakuwa tayari kabla ya chakula, na hakuna haja ya kuijaribu. Koma haijawahi kuvunja kitu.